Sifuri ya Saa Tisa

Shisia mwanangu,

Barua hii naianza saa tisa alasiri. Wewe umeenda mjini kusukwa nywele na kuwaaga wenzako, na baba yako yuko barazani anafunga begi lako kwa kamba ya katani kana kwamba ni gunia la mahindi la kutoka Likuyani. Mambo ya dawa za malaria, ya kuvaa soksi mbili, ya kutomwamini kila anayekuita dada, hayo ameshakueleza yeye, na kesho alfajiri atakueleza tena hata usipotaka. Mimi nina jambo moja tu. Nimelibeba tangu ukiwa tumboni, na nilikuwa nimeamua kwenda nalo kaburini.

Wiki jana ndiyo iliyonivunja. Ulikuwa sebuleni unajaribu ile mikanda yako ya kupandia, vyuma vinagongana, ukaona uso wangu ukadhani naogopa ule urefu wa milingoti ya umeme wa upepo huko kaskazini unakokwenda kufanya kazi. Ukaniambia, "Mama, tulia. Juu kule kuna mashine ya kupima upepo. Ikisema umezidi, hatupandi. Ikisema uko sawa, tunapanda. Na mimi si kama yule mjomba wetu mlevi." Ukacheka. Mimi nikaenda jikoni nikashika mwiko kusonga ugali, na sufuria ilikuwa bado haina maji.

Mjomba wako hakuwa mlevi siku ile. Lisome hilo kwanza, kabla hujachoka na maneno yangu.

Unamjua kwa picha moja tu, ile ya ukutani kwa kukhu yako, yaani mama yangu, amevaa shati la rangi ya udongo na kucheka upande mmoja wa mdomo. Alikuwa ndugu yangu mdogo, wa mwisho kwa mama yetu. Alifanya kazi Buyangu, kwenye kitalu cha miche. Kazi yake ilikuwa kupanda miti mirefu ya msituni kwa kamba na kuteremsha mbegu kabla hazijaliwa na nyani. Hakuna aliyempita kwa kupanda. Mimi nilikuwa kituo cha hali ya hewa hapa Kakamega, kama unavyojua, nikiandika mvua, joto na upepo, saa tatu, saa sita na saa tisa.

Ukiwa chini ya msitu ule, Shisia, huhisi upepo. Majani juu yanaweza kuwa yanapigana, na wewe huku chini umesimama kama uliye ndani ya sanduku. Ndiyo maana mjomba wako alikuwa akinipigia simu ya ofisini kabla hajapanda. Yeye alikuwa na sauti yangu tu.

Siku hiyo nilikuwa na mimba yako ya miezi saba. Miguu ilikuwa imevimba, viatu nimevivua chini ya meza. Kutoka ofisini hadi kwenye nguzo ya kipima upepo hazikuwa hata hatua hamsini, ila njia ilikuwa na matope, na kanuni ilisema lazima utoke nje uende ukasome pale pale. Nilichungulia dirishani. Vile vikombe vitatu juu ya nguzo vilikuwa vimesimama. Nikaandika sifuri kwenye safu ya upepo. Sikuinuka. Simu ikalia.

"Dada, upepo aje huko? Nimebakisha mti moja tu wa mutere, nataka kumaliza mbele ya mvua."

"Hakuna upepo," nikamwambia. "Ni sifuri. Panda umalize."

"Basi usikulanga hiyo ndizi yote, nakuja jioni," akasema. Alijua nilivyokuwa nikila siku zile. Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho kwangu, na mpaka leo ndizi za kuchoma mimi sizili, ndiyo maana umekuwa ukinicheka.

Nilipoweka simu chini niliona kitu. Nyuma ya nguzo kulikuwa na mikaratusi, na mikaratusi ilikuwa imeinama. Yote, upande mmoja. Vikombe vilikuwa vimesimama na miti ilikuwa inakwenda. Nilitazama kwa muda mrefu, na badala ya kuinua simu nikasema moyoni kwamba kipimo hakiwezi kukosea, labda ni macho yangu, labda ni mimba. Nilikuwa nimefundishwa kuamini chombo, Shisia, na nilikuwa nimefundishika vizuri.

Walipiga simu kutoka Buyangu kabla ya saa kumi, kwamba ndugu yangu ameanguka.

Nilitoka nje peku. Kwenye nguzo, chini kidogo ya vikombe, pale vinapoingia kwenye mhimili wake, nyigu alikuwa amejenga kiota cha udongo. Kidogo tu, ukubwa wa kidole gumba. Kilikuwa kimekauka na kuvishika vikombe kama saruji. Nilikivunja kwa ufunguo wa ofisi. Nyigu akatoka taratibu, akatembea juu ya mkono wangu, hakuniuma. Vikombe vikaanza kuzunguka kwa kasi ambayo sijawahi kuiona, vinalia. Nikapangusa udongo kwenye gauni, nikarudi ndani, nikakaa. Kanuni yetu ilikuwa kwamba ukikosea hufuti. Unapiga mstari mmoja juu ya kosa, ili lionekane, unaandika namba iliyo sahihi juu yake. Mimi sikupiga mstari wowote.

Nimejitetea kwa njia nyingi. Kwamba Buyangu ni mbali na hapa, upepo wa hapa si upepo wa kule. Kwamba pengine kamba ilikatika yenyewe. Hayo yote nimeyaweza. Nisiloliweza ni la matangani. Watu walikuwa wanatafuta sababu, unajua watu. Usiku wa kuamkia siku ile mjomba wako alikuwa amekunywa kikombe cha pombe ya busaa kwenye sherehe ya jirani, kikombe kimoja, na mtu mmoja akasema alinusa harufu. Mwingine akaongeza. Kufikia siku ya mazishi alikuwa amepanda mti akiyumba. Mhubiri aliligeuza somo. Baba yangu, aliyekuwa ameketi karibu na jeneza, alinigeukia akaniuliza kwa sauti ya chini, "Hata wewe ulijuanga anakunywa hivyo?" Nami nikatikisa kichwa kukubali.

Baba alikufa akimwonea haya mwanawe. Kosa la dirishani lilikuwa la uchovu. Lile la kutikisa kichwa nililifanya nikiwa macho.

Wiki saba baadaye ukazaliwa. Ulilia siku mbili bila kunyamaza, ulikataa ziwa, sauti ikakauka ukaendelea kulia bila sauti, jambo ambalo ni baya zaidi kulitazama. Tulikuwa bado tunaishi katika nyumba za kituo, kabla ya kuhama. Kukhu yako akaja, akakupakata karibu na dirisha, akaanza kuita majina ya waliotangulia, kama ilivyo desturi yetu: mtoto analia mpaka aitwe aliyerudi. Aliita bibi zangu wote. Akaita shangazi zangu. Akaita wanawake ambao mimi sikuwahi kuwasikia. Nje upepo ulikuwa mkali, bati linapiga.

"Huyu si mwanamke," kukhu akasema. "Anangojanga mwanaume."

Sikutaka aseme. Nilijua atasema nani. Akainama sikioni mwako akataja jina la ndugu yangu, "Shisia?"

Ukanyamaza. Si kwa kupungua pungua. Ulikatika. Na mimi nilikuwa nimeelekea dirishani, kwa hiyo niliona: vikombe kule kwenye nguzo vilisimama. Mikaratusi bado imeinama, bati bado linapiga, vikombe vimesimama, na kiota hakikuwepo, nilikuwa nikikagua kila siku. Kisha vikaendelea.

Kukhu hakuviona. Alikuwa ananitazama mimi. Akaniuliza polepole, "Amerudi. Lakini mbona amerudi kwako?" Miaka yote aliyobaki hai alikuwa akinitazama hivyo, kila nilipoingia kwake, na alizikwa mwaka juzi bila jibu.

Basi hiyo ndiyo sababu ya wewe, msichana, kubeba jina la mwanamume, jina ambalo wenzako shuleni walikutania kwalo mpaka ukampiga mmoja kwa rula.

Ngoja nikueleze kuhusu neno, kwa maana ni neno lililonifanya nishindwe kusahau. Ulikuwa ungali mgongoni. Mwalimu Lumbasi, yule mzee aliyesomea upadri miaka mingi akaacha akaoa, alikuwa akija kituoni kuchukua takwimu za mvua kwa ajili ya wanafunzi wake na kunywa chai yetu. Siku moja akaniuliza kama najua chombo changu kinaitwaje. Nikamwambia anemometa. "Na huyo anemo ni nani?" Nikamjibu, "Mimi nitajuanga aje, Mwalimu? Nilikikuta na jina lake."

Akavuta fomu iliyoharibika, akaandika nyuma yake: anemos. Akasema ndivyo Wayunani wa kale walivyouita upepo. Lakini si wao walioanza nalo. Neno lilikuwa na ndugu. Huko Roma ndugu yake alikuwa anima, maana yake pumzi, halafu ikawa roho; na kutokana na hiyo Wazungu wakapata jina la mnyama, yule anayepumua. Huko Uhindini, katika lugha yao ya zamani, upepo nao ulikuwa anila, na neno la kupumua likatoka shina hilo hilo. Hata Waayalandi wa kale walikuwa nalo, kwa roho. Watu waliotengana kwa milima na bahari, wote na kitu kimoja kinywani.

"Na mzazi wao?" nikauliza.

"Hakuna aliyemwona," Mwalimu akasema. "Wataalamu wengine wanasema alikaa kwenye nyika, kaskazini mwa Bahari Nyeusi. Watu wake hawakuandika. Tunamjua kwa watoto tu. Kama vile mtu anakuja matanga, hakumjua marehemu, anaangalia watoto wamekaa pale mbele, anasema, ah, kumbe mzee alikuwa na pua ya hivi."

Kwanza lilikuwa ni kupumua, akasema. Halafu likawa upepo kwa Wayunani, kana kwamba upepo ni mtu mkubwa anayehema huko nje. Wakalipatia ua moja jina la upepo. Baadaye sana wanasayansi wa Ulaya wakaliokota, wakaliunganisha na neno la kupima, wakalibandika kwenye chombo. Chombo kikapanda meli, kikapanda treni, kikaletwa Kakamega ndani ya sanduku la mbao. "Na safari yote hiyo," akaniambia, "hilo neno halijawahi kuwa na mwili. Halitembei mpaka mtu atoe pumzi. Wote waliolibeba wamekufa, na pumzi zao zimefika mpaka kwa hii meza yako."

Nilihisi baridi mgongoni, pale pale ulipokuwa umelala.

Kisha akanieleza jambo ambalo nimeliota mara nyingi. Mahali pa zamani zaidi ambapo neno hilo limeonekana likiwa limeandikwa kwa Kiyunani ni kwenye vibao vya udongo katika kisiwa cha Krete, zaidi ya miaka elfu tatu iliyopita. Na halikuandikwa peke yake. Limeandikwa pamoja na cheo cha mwanamke. Kuhani wa pepo, hizi zinazovuma. Vibao vinasema tu kwamba amepewa mafuta, kiasi fulani. Jina lake mwenyewe halipo. "Mama wa upepo," Mwalimu akacheka, "kama wewe na rejista yako."

Mimi sikucheka. Nikamuuliza, "Na huyo mama, upepo ukiua mtu, walimfanya nini?"

Akanitazama juu ya miwani. "Vibao havisemi. Vinasemanga mafuta tu." Kisha akaongeza kwamba vibao hivyo vilikuwa vya udongo mbichi, havikukusudiwa kudumu. Jumba liliungua, na moto ule ule ulioangamiza kila kitu ukavioka vikawa vigumu. Bila moto tusingejua kwamba mwanamke huyo aliwahi kuwepo.

Nilimfikiria sana. Ameketi mahali na udongo mkononi, na kule nje kitu kinahema.

Ulipokuwa na miaka minne nilikupeleka kazini siku moja kwa sababu yaya aliugua. Nikakushika mkono tukaenda kwenye nguzo. Hatua chache kabla hatujafika ukagoma. Ukakaza miguu kwenye nyasi, ukanyoosha kidole pale chini ya vikombe, ukaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeuliza chai, "Mama, yule nyigu alitoka?"

Sikuwahi kumwambia mtu yeyote juu ya nyigu. Wala baba yako, wala padri, wala kukhu. Nilikubeba nikakurudisha ofisini nikakupa biskuti. Wewe hukumbuki. Nilikuuliza ulipomaliza darasa la nane, kwa kuzungukazunguka, ukasema hukumbuki kufika kituoni hata siku moja.

Nilipostaafu walikuwa wameleta mashine mpya inayojiandikia yenyewe. Chombo cha zamani wakanipa kiwe ukumbusho, ndicho hicho unachokiona uani katikati ya mihogo, ambacho baba yako hutundikia shati. Nakala za kaboni za rejista za zamani zilikuwa za kuchomwa. Nilisimama karibu na lile shimo nikamkumbuka mwanamke wa Krete, ambaye moto ulimhifadhi, nikajua kwamba mimi moto ungenificha. Ilikuwa rahisi sana. Nikaomba nipewe moja. Nimeiweka chini ya godoro langu, upande wangu.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Mimi nilificha, na nikazaa, na niliyemzaa akaitwa kwa lile nililolificha. Mwalimu Lumbasi alisema mwanzo wa lile neno haukuandikwa na mtu. Mwanzo wa jina lako nilikuwepo mimi, kalamu mkononi, na nikaandika sifuri. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Nakupenda kiasi kwamba nimekuacha miaka yote hii umdharau mtu unayembeba, kwa kuwa niliogopa utanidharau mimi.

Sikuombi usipande. Najua wewe ni nani. Mikono yako ni ile ile, hata kamba unaifunga kwa fundo lake na hakuna aliyekufundisha. Wala sisemi usiamini vyombo. Viamini. Lakini kabla hujapanda, vua kofia uupe upepo uso. Tazama kitu kingine kinachotikisika, jani, vumbi, shuka la mtu kwenye kamba. Chombo kikisema hivi na shavu lako likasema vile, usipande, hata kama msimamizi anapiga kelele. Na siku utakayokosea, maana utakosea, piga mstari siku hiyo hiyo. Mstari ukikawia, mwanangu, mkono hugoma kuinuka.

Baada ya kula jioni nitaitoa bahasha hii nikuwekee ndani ya begi, na kama kamba za baba yako zitakuwa zimeshafungwa nitakupa mkononi. Ndani yake kuna ukurasa. Ni wa siku ile. Nimeukata sasa hivi kutoka kwenye ile nakala, na hatimaye nimepiga mstari juu ya sifuri ya saa tisa, mstari mmoja, ili sifuri ionekane. Kisha kalamu ikakwama, kwa sababu juu yake natakiwa kuandika namba iliyo sahihi, na namba hiyo siijui. Hakuna anayeijua isipokuwa yeye aliyekuwa juu ya mti. Kwa hiyo nimeandika neno moja, "Haikupimwa," nikatia sahihi na jina langu lote. Nyuma ya ukurasa nimeandika kwamba Shisia, ndugu yangu, alipanda akiwa na akili timamu kwa kuwa mimi nilimwambia apande. Jumapili, ukiwa umeshafika, nitausoma mbele ya ukoo wote nyumbani kwa kukhu. Baba yako namwambia leo.

Kesho nitakuwa mlangoni. Ukitaka kuniita mama kama kawaida, niite. Ukitaka kupita kimya, pita, sitakushika mkono.

Nilikuwa nifunge hapa, lakini lazima nikuandikie na hili. Mvua imepita kando bila kunyesha. Uani hakuna jani la muhogo linalotikisika, na vikombe vinazunguka. Nimeviona dirishani. Safari hii nimevaa viatu nikatoka. Nimesimama chini yake na uso wangu juu, na shavu langu halikuhisi kitu, hata kidogo, na bado vilikuwa vinakwenda, taratibu, kama kifua cha mtu aliyelala. Nikatoa pumzi nikasema jina lenu.

Vikasimama.

Ni mimi, mama yako.